Makanisa ya Kinyamaseke yaanze kuhubiri mizani

Barabara inayotoka Kikorongo kwenda mpaka wa Kongo hupita Kinyamaseke kabla ya kufika Bwera na Mpondwe. Wafanyabiashara wanaijua kwa mizigo yake: mahindi na maharage ya tambarare, kahawa inayoshuka kutoka miteremko ya Rwenzori, chumvi ya Katwe, samaki wa Ziwa Edward, na kutoka ng'ambo mbao, mafuta ya mawese na vitenge. Jumanne na Ijumaa, soko la Mpondwe linapojaa, mizigo hiyo huvuka mto Lubiriha kwa malori, kwa bodaboda na juu ya vichwa vya akina mama.

Siku za ibada barabara hiyohiyo hujaa watu wa namna nyingine, ingawa sura ni zilezile. Jumamosi ni Waadventista, ambao katika milima hii si haba. Jumapili ni Waanglikana wa Dayosisi ya Rwenzori Kusini, Wakatoliki wa Jimbo la Kasese, na makanisa ya kilokole yenye vipaza sauti vinavyosikika hadi stendi. Ni vigumu kumpata mfanyabiashara Mkristo wa eneo hili asiye na mahali pa kusali. Anatoa sadaka, anachangia paa la kanisa, na mavuno yakiletwa madhabahuni kupigwa mnada, yeye ndiye anayepandisha bei ya jogoo mpaka watu wapige vigelegele.

Ila kuna swali ambalo haliulizwi vya kutosha kwenye mimbari za Kinyamaseke, Kasese na Bwera: mtu aliyesali Jumapili anapima vipi Jumanne?

Wengi wakisikia habari za Biblia na maisha ya kila siku hufikiria ulevi, uzinzi, uchawi na mavazi ya mabinti. Hayo huhubiriwa kila wiki na hayana uhaba wa wahubiri. Biashara hutajwa linapokuja fungu la kumi, yaani kanisa huanza kuitazama faida ikishapatikana, na namna ilivyopatikana inabaki siri ya mwenye duka. Huko ni kuisoma Biblia kwa kuruka kurasa.

Chukua sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Wakristo wanaikumbuka kwa amri moja, ile ya kumpenda jirani, ambayo Yesu aliitaja kuwa mojawapo ya amri kuu mbili. Lakini sura yenyewe ni ya watu wa shamba na soko. Inamwambia mwenye shamba asivune hadi pembeni, amwachie maskini na mgeni. Inasema ujira wa kibarua usilale kwa tajiri mpaka asubuhi. Karibu na mwisho inaagiza kwamba mgeni anayekaa katika nchi atendewe kama mwenyeji, na hapohapo, katika aya zinazofuata, inageukia mizani, mawe ya kupimia na vyombo vya kupimia nafaka na vitu vya majimaji. Mgeni na mizani vimewekwa jirani. Mtu yeyote aliyefanya biashara ya mpakani anajua kwa nini, maana anayepunjwa kwa urahisi zaidi ni yule asiyejua bei ya siku, asiyeelewa vizuri lugha, na ambaye lazima avuke kurudi kwao kabla giza halijaingia.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Kubwa lilikuwa la kununulia na dogo la kuuzia. Siku hizi hakuna anayebeba mawe, lakini mabeseni mawili yapo. Beseni la kununulia kahawa au mahindi kwa mkulima limegongwa kwa ndani hadi kitako kikatokeza nje, linameza zaidi. Kopo la kuuzia limegongwa kwa nje hadi kitako kikaingia ndani. Mizani ya kuning'inia nayo ina mambo yake. Mshale unaweza kuanza nyuma ya sifuri na asitokee wa kuuangalia, kwa sababu mzee aliyeshuka kutoka milimani na gunia la kahawa ameshughulika na kufuta jasho. Kisha hukatwa kilo nzima kwa ajili ya gunia, hata kama ni gunia la plastiki lisilofika robo kilo. Anayekatwa haulizi, kwa sababu amekatwa hivyo tangu ujana wake.

Tusimwonee mnunuzi peke yake, maana na upande wa pili haulali. Kahawa hunyunyiziwa maji ili iwe nzito, au huchumwa ikiwa ya kijani na kuchanganywa na nyekundu. Kokoto huingia kwenye maharage, na mawese huongezwa maji. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hatembei bila bambo la kuchomea gunia, ili aone kilicho katikati kabla ya kuamini kilicho juu. Soko zima hujihami kwa udanganyifu wa kujibu udanganyifu, kila mmoja akisema kwamba asipofanya hivyo ataliwa. Huitwa ujanja wa biashara. Mithali 11 huanza kwa kuiita jina lingine, na haisemi kwamba mizani ya uongo inamchukiza mteja. Inasema inamchukiza Mungu.

Maneno hayo yanaibadilisha kesi. Kwa sheria za nchi, mizani mbovu ni kosa dhidi ya mteja na serikali. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, hukagua mizani za biashara na kuziwekea alama. Tanzania ina Wakala wa Vipimo na inapiga marufuku lumbesa, gunia linalozidi kilo 100. Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Sheria hizi ni nzuri na wafanyabiashara wadogo wangezidai zaidi kama wangejua zinavyowalinda. Lakini mkaguzi huja na kuondoka, na beseni halina alama yoyote. Biblia inamhamishia mkaguzi ndani ya ibada yenyewe. Kwa hesabu yake, anayepunja kahawa Ijumaa amekwisha kuiharibu sadaka yake kabla hajaitoa.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakiitunza sabato kwa miili yao huku mioyo ikiuliza itaisha lini wafungue ghala. Walipanga, sabato ikipita, kupunguza kipimo, kuongeza bei na kuuza hata makapi ya ngano. Hakuna mahali ambapo sura hiyo ya nane inasomeka kwa karibu kama Mpondwe siku ya Ijumaa. Kwa Mwadventista, sabato inaingia jua linapozama siku hiyohiyo ya soko. Mama anayeuza vitunguu huanza kufunga mzigo wake mapema, wakati wanunuzi wa kutoka Kasindi bado wanahangaika na bei, na anajua fika kwamba jirani yake asiyefunga atawachukua wote. Hiyo ni hasara halisi, inahesabika kwa shilingi, na mtu anayeibeba wiki baada ya wiki anastahili heshima. Lakini Amosi angemtazama pia kabla ya jua kuzama. Ile saa ya mwisho, bei zinapoporomoka na kila mtu ana haraka, ndiyo saa ambayo vipimo hupungua zaidi. Kufunga duka kwa wakati hakumfaidii aliyemalizia siku kwa kopo lililogongwa. Na ya Jumapili ni hayohayo, tofauti ni kwamba Jumapili haina jua la kumkimbiza mtu.

Liko jambo zito kuliko beseni, nalo ni kahawa inayonunuliwa ikiwa bado ua. Watu wa Kagera nchini Tanzania wanaliita butura, na serikali yao imelipiga vita kwa miaka mingi. Rwenzori nako lipo. Muhula wa kwanza wa shule unafunguliwa, mkahawa hauna kitu ila maua, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada, au mama amelazwa Kagando au Bwera. Mwenye fedha anakuja na shilingi taslimu na kununua mavuno ambayo bado hayajaonekana, kwa bei ambayo msimu ukifika inakuwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Wanaandikiana, wanashuhudiwa, wanashikana mikono. Msimu ukifika mkulima anachuma kahawa ya mtu mwingine kutoka kwenye miti yake mwenyewe, na deni jipya linaanza mwezi huohuo.

Wanunuzi wa maua ya kahawa hujitetea kwamba wanasaidia. Wanasema asingekuwepo wa kununua ua, mtoto angekaa nyumbani. Utetezi huu una ukweli ndani yake na haufai kupuuzwa. Mwenye fedha naye hubeba hatari: mvua ya mawe inaweza kushuka, ugonjwa unaweza kuingia shambani, mkulima anaweza kuuza mara mbili. Hata hivyo kitabu cha Nehemia, sura ya 5, kinaeleza mambo ya namna hiyohiyo. Watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha hawakuwa wageni bali ndugu zao, watu wa ibada moja. Nehemia hakuwaambia maskini wavumilie. Aliitisha mkutano, akawasimamisha wakubwa mbele ya watu, akadai warudishe mashamba na riba, kisha akawaapisha mbele ya makuhani. Kesi ya mikopo ilimalizwa mbele ya kusanyiko la ibada. Ni kanisa gani kati ya Kinyamaseke na Bwera limewahi kuitisha mkutano wa namna hiyo? Lingeanzaje, ikiwa baadhi ya wanunuzi wa maua ya kahawa ndio wanaokaa kiti cha mbele?

Njia nyingine ipo na inaonekana kwa macho. Huko milimani Kyarumba, Bukonzo Joint ilianza na akiba na mikopo midogo ya wanachama, ikaingia katika kahawa, na kuwafundisha wake na waume kupanga mapato ya nyumba pamoja na kuchuma iliyoiva tu. Mkulima mwenye pa kukopa kwa haki hana haja ya kuuza ua. Vikundi vya akiba vya akina mama vimetapakaa kila kijiji, na vingi hukutana chini ya paa la kanisa. Kanisa linaloviazima benchi tu na kuvifungulia kwa sala linaweza kufanya zaidi: kutenga sehemu ya mavuno yaliyopigwa mnada iwe mfuko wa kukopesha ada ya muhula wa kwanza bila riba, ulipwe kwa kahawa kwa bei ya siku ya mavuno. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinakataza kumtoza riba maskini, na kinataka vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ndilo blanketi lake. Mfuko kama huo ungekuwa tafsiri ya aya hizo kwa lugha ya Bukonzo.

Mpakani nako kuna mahubiri ya upande mmoja. Mama mwenye kilo 20 za mchele anayepita njia za panya huambiwa kila mara habari za Warumi 13, kwamba alipe ushuru kwa anayestahili ushuru. Ni kweli, anapaswa kulipa, na mara nyingi asingelipa kitu kikubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi wa cheti kwa bidhaa za wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000, na Kongo imekuwa mwanachama tangu 2022. Lakini mama huyo hakimbii ushuru peke yake. Anakimbia mkono ulionyooshwa pembeni ya ofisi, ule usiotoa risiti. Kwa hao Biblia haina Warumi 13 tu, ina na Luka 3, ambapo watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji kubatizwa, wakauliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichopangwa. Askari nao wakauliza, wakaambiwa wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kwa kumsingizia, waridhike na mshahara wao. Mhubiri anayemsomea mama wa mchele Warumi 13 na kuogopa kumsomea ofisa Luka 3 amechagua nani wa kumwogopa.

Njia za panya zina hatari nyingine ambayo Kasese inaijua kuliko wilaya nyingi. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyekuwa ametoka Kongo na familia yake, baada ya kumzika babu, alifia Bwera kwa ebola, na wengine wawili wa familia hiyo wakafuata. Siku zile makanisa yaliacha kushikana mikono wakati wa kupeana amani na kuweka ndoo za maji na klorini mlangoni. Wengine walinung'unika kwamba imani imepungua. Haikuwa imepungua. Aliyenawa mikono alikuwa anamlinda aliyekaa naye benchi moja, na aliyesema ukweli kwa mpimaji wa homa pale mpakani, hata kama ukweli ungemchelewesha na mzigo wake kuoza, alikuwa ametimiza amri ya jirani kuliko aliyekesha kwenye maombi baada ya kupita vichakani.

Halafu yupo mgeni. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Butembo ni ndugu. Lugha zao zinasikilizana na koo zao zimepandana na mto katikati. Hata hivyo siku ya soko, anayetoka ng'ambo huwa mgeni. Faranga yake hubadilishwa kwa kiwango ambacho mwenyeji hapewi, na dola yake yenye mkunjo hukataliwa na huyu ili inunuliwe kwa bei ya chini na yule, nao wako pamoja. Wapo pia wanaovuka kwenda Kasindi wakatendewa hivyohivyo na kurudi na hasira wanayomlipia mtu asiyehusika. Wafanyabiashara wa Butembo wamesifika kwa miongo mingi kwa kupeana mali kwa neno tu, mzigo ukatoka mbali na kulipwa ukiisha kuuzwa. Uaminifu wa namna hiyo ni mtaji. Ukivunjwa Mpondwe, mwaka ujao mwenye mbao atataka fedha kwanza, na anayeumia ni kijana asiye na fedha ya kuanzia.

Madeni ya kuvuka mpaka ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu polisi wa huku hawana mkono kule na wa kule hawana mkono huku. Paulo aliwashangaa Wakristo wa Korintho waliopelekana mahakamani kana kwamba hakuna mwenye busara hata mmoja kati yao wa kuwaamua. Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista na Wabaptisti wote wana makanisa ng'ambo zote mbili. Wazee wawili wa Bwera na wawili wa Kasindi wanaokaa mezani mara moja kwa mwezi kusikiliza madeni ya waumini wao wangeokoa urafiki mwingi. Na Mathayo 5 inatoa hata utaratibu wa ibada yenyewe: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno nawe, sadaka ingoje, nenda kwanza mkapatane. Wangapi wangetoka nje kanisa likisimama kimya dakika mbili kabla ya kapu kupita, ili kila mtu akumbuke anayemdai?

Wasemao kwamba haya hayawezekani wamesahau historia ya hapa kwetu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Muganda, alikutana Kampala na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 uamsho ukasambaa Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliitwa balokole, waliookoka. Walikuwa na ukali wao na majirani waliwachoka, hasa pale walipoungama dhambi za wengine pamoja na zao. Lakini kitu kimoja hata wasiowapenda walikikubali: walirudisha. Mtu alitembea siku nzima kurudisha jembe, mbuzi, fedha ya tajiri aliyoiba zamani. Walimsoma Zakayo wakamwelewa kama alivyo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Leo neno mlokole limebaki kila mahali, na vipaza sauti vimeongezeka, ila habari za mtu kurudisha kilo alizopunja ni nadra mpaka zingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Pa kuanzia ni padogo. Makanisa ya Kinyamaseke yanaweza kuchanga na kununua mizani moja, ikakaguliwa na UNBS, ikawekwa penye kivuli karibu na soko siku za mavuno, na kijana wa kwaya akakaa nayo. Yeyote, Mkristo au Mwislamu, wa Bukonzo au wa Kongo, apime mzigo wake bure kabla ya kwenda kwa mnunuzi, aandikiwe kilo zake kwenye karatasi. Pembeni yake liwekwe beseni moja lisilogongwa. Gharama yake ni chini ya gharama ya vipaza sauti viwili. Upinzani hautatoka serikalini wala kwa wakulima. Utatoka kwenye kamati ya kanisa, siku hoja hiyo itakapowekwa mezani, kwa mzee mmoja au wawili watakaosema kwamba ni wazo zuri ila msimu huu umekwisha kuanza, lisubiri mwakani.